Faili mama halitoki nyumbani: mwongozo kamili wa kuhifadhi na kutuma picha zenye matabaka

Mwaka nilioanza kuhariri picha nilitengeneza kadi ya harusi ya binamu yangu. Niliweka picha ya Ngome ya Yesu ya hapa Mombasa wakati wa magharibi, maandishi ya rangi ya dhahabu, majina ya maarusi, siku, saa na mahali pa nikahi. Nilipomaliza nikaihifadhi kama JPG, nikazima kompyuta nikalala. Asubuhi khalati, dada wa mama yangu, akanipigia simu. "Mwanangu, nikahi imesogezwa. Si baada ya Laasiri tena, ni baada ya Isha. Nibadilishie hilo neno moja tu."

Neno hilo moja lilinikesha. Maandishi yalikuwa yameshaganda ndani ya picha, na nyuma ya herufi hakukuwa na ukuta wa ngome tena. Nilipojaribu kufuta neno, nikabaki na kidonda katikati ya kadi. Ilibidi kadi nzima ianze upya, na kadi zilikuwa ziende kuchapwa siku ile ile.

Tangu hapo kila kijana anayekuja kwangu kujifunza humfundisha kuhifadhi kabla sijamgusisha rangi wala mwanga. Mwongozo huu ni wa mtu kama huyo. Tutaufuata kwa kazi moja ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho: bango la khalati huyo huyo, anayepika mahamri na mbaazi nyumbani kwake Mji wa Kale na anataka picha ya kuweka WhatsApp pamoja na karatasi ya kubandika mlangoni.

Tabaka ni nini hasa

Chukua kanga uitandaze kitandani. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na chini ina jina, yale maneno ambayo mwanamke wa pwani huyasoma kwanza kabla ya kuuliza bei kwenye maduka ya Biashara Street. Kanga ikishachapwa, vitu hivi vitatu vimekuwa kitambaa kimoja. Huwezi kung'oa jina ukabakisha mji.

Sasa chukulia pindo, mji na jina ni vitambaa vitatu vyepesi vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Ukichoka na jina, unalivuta pembeni na kuweka jingine, na mji uko vile vile. Hayo ndiyo matabaka. Kwenye saiba, yale maduka ya kompyuta za kulipia kwa muda, utayasikia yakiitwa leya. Programu ya Photoshop iliyapata mwaka 1994, katika toleo lake la tatu. Kabla ya hapo, ulichopaka kwenye picha kilikuwa kimepakika.

Kwa hiyo kuna mafaili ya aina mbili, na ukizielewa umepita nusu ya safari. Kuna faili linalokumbuka matabaka yote, nami naliita faili mama. Na kuna faili ambalo ni kama kanga iliyokwisha chapwa, zuri kwa kuonyesha watu lakini halibadiliki tena. Hilo ni nakala. JPG ni nakala. Faili linaloishia na .xcf, .psd au .kra ni mama. PNG nayo ni nakala, ingawa kwa kuwa inaweza kubeba sehemu zisizo na rangi, wanaoanza hudhani ina matabaka ndani yake. Haina.

Programu ya kutumia

Kwa anayeanza na hana pesa za kulipa kila mwezi, nashauri GIMP. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Linux na Mac, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na herufi za .xcf ni kifupi cha jina la klabu yao ya kompyuta chuoni. Mwongozo huu unaifuata GIMP.

Ukiwa unafanyia kazi saiba na huruhusiwi kuingiza programu, fungua Photopea ndani ya kivinjari. Inafanana sana na Photoshop na inahifadhi faili la .psd. Ila jua jambo moja kuihusu: kazi inafanyika ndani ya kompyuta uliyokalia, haipandi kwenye seva. Ukifunga ukurasa kabla ya kuhifadhi, au muda wako wa saiba ukiisha mashine ikajifunga, imekwenda. Kwenye simu pia inafunguka, lakini kidole ni kinene na kioo ni kidogo, kwa hiyo itumie kwa marekebisho madogo tu. Photoshop ni nzuri ukiwa nayo, na Krita, ambayo ni ya bure na faili lake ni .kra, inawafaa zaidi wachoraji.

Hatua ya kwanza: folda tatu

Kabla ya kufungua programu, tengeneza folda ya kazi, uiite kwa mfano "khalati-mahamri". Ndani yake weka folda tatu: Asili, Mama, Nakala.

Ndani ya Asili inaingia picha kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu. Ihamishe kwa waya wa USB. Usijitumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana na kuipunguza kabla ya kuituma, na utaanza kazi ukiwa na picha iliyokwisha nyong'onyea. Kama huna waya, itume kwa njia ya "Document", na hilo nitalieleza mbele. Ikishafika kwenye folda, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", weka alama kwenye "Read-only". Sasa hata ukikosea, picha ya asili haitafunikwa kwa urahisi.

Majina ya mafaili nayo yana adabu yake. Nimeona folda zenye "bango mwisho", "bango mwisho kabisa" na "bango mwisho hili ndilo", na mwenyewe hajui lipi alilompa mteja. Tumia namba: mahamri-bango-01, mahamri-bango-02. Ukitaka tarehe, anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano.

Hatua ya pili: hifadhi kabla hujagusa kitu

Fungua picha ndani ya GIMP. Upande wa kulia utaona orodha ya matabaka, na kwa sasa kuna moja tu. Bonyeza Shift+Ctrl+D. Litatokea tabaka la pili linalofanana na la kwanza. La chini liache kabisa. Libonyeze jicho lake lijifiche ukipenda, lakini usilifute. Hilo ndilo shahidi wako: wakati wowote utaweza kulinganisha na kurudi.

Sasa bonyeza Ctrl+S. GIMP itapendekeza jina linaloishia na .xcf. Lielekeze kwenye folda ya Mama, liite mahamri-bango-01.xcf. Hujafanya kitu bado, na faili mama tayari limezaliwa. Kuanzia sasa kila Ctrl+S inaingia humo.

Hatua ya tatu: kuhariri bila kuua

Unaweza kuwa na matabaka kumi na bado ukaharibu kazi, ikiwa unahariri kwa kukata na kufuta. Nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, kila jambo jipya lipate tabaka lake. Mwanga wa picha, tabaka moja. Utepe wa rangi chini ya picha, tabaka lake. Neno "Mahamri ya Moto", lake. Bei, lake. Namba ya simu, lake. Bonyeza jina la tabaka mara mbili ulipe jina la maana: "bei", "simu", "utepe". Mtu mwenye matabaka kumi na mawili yasiyo na majina hutumia muda mwingi kulitafuta lile moja, na mara nyingi huishia kufuta lisilohusika.

Pili, acha kifutio, tumia barakoa. Wazee wetu wanalijua neno hili kwa vazi la uso kabla halijawa neno la hospitali, na kazi yake kwenye picha ni ile ile: kufunika bila kuondoa kilicho chini. Bonyeza tabaka kwa kitufe cha kulia, chagua "Add Layer Mask", uchague nyeupe. Kisha paka rangi nyeusi pale unapotaka pasionekane. Ukipaka nyeusi, panajificha. Ukipaka nyeupe, panarudi. Kijivu huonyesha nusunusu. Kwenye bango letu sinia ya mahamri imepigwa picha jikoni na nyuma kuna sufuria na ndoo. Nimeficha jikoni kwa barakoa na chini yake nikaweka tabaka la picha ya kanga. Kesho khalati akisema anataka sufuria ya mbaazi ionekane, napaka nyeupe pale palipo na sufuria, nayo inarudi. Kwa kifutio ingekuwa imekwenda milele.

Tatu, maandishi yabaki maandishi. Unapoandika kwa zana ya herufi, tabaka lake linakumbuka maneno, fonti (mtindo wa herufi) na ukubwa. Lakini ukilizungusha au ukalipinda kwa zana nyingine, kisha siku ya pili ukataka kubadili neno, GIMP itakuonya kwamba ule mzunguko utapotea. Kwa hiyo kabla ya kuchezea umbo la maandishi, lirudufu tabaka, la kwanza ulifiche, uchezee la pili.

Nne, ogopa amri ya "Flatten Image". Inayayeyusha matabaka yote kuwa moja. Hakuna kazi katika mwongozo huu inayokulazimisha kuitumia kwenye faili mama.

Usisahau pia uzito. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, yaani vile vidoto vya rangi vinavyoijenga picha, ina pikseli milioni 12. Kila pikseli inachukua baiti nne, tatu za rangi na moja ya uwazi, kwa hiyo tabaka moja lililojaa linakula takriban megabaiti 48 za kumbukumbu kompyuta inapofanya kazi. Matabaka matano yaliyojaa ni megabaiti 240. Ndiyo sababu kompyuta kuukuu huanza kuhema. Dawa ni kutofanya kila tabaka liwe kubwa kama picha nzima. Tabaka la bei liwe na ukubwa wa bei. Kuna amri ya "Crop to Content" kwenye menyu ya "Layer" inayokata sehemu tupu.

Hatua ya nne: Ctrl+S iwe kama kupumua

Stima ikipotea, haikupi dakika ya kujiandaa. Kila unapomaliza jambo dogo, bonyeza Ctrl+S. Usiiachie programu ikuhifadhie.

Na kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi: uwezo wa kurudi nyuma kwa Ctrl+Z hauhifadhiwi ndani ya faili. Ukilifunga faili leo, kesho ukilifungua historia yako ni tupu. Kilichobaki ni matabaka tu. Ndiyo maana ninasisitiza tabaka la asili lisiguswe na barakoa ichukue nafasi ya kifutio, maana kesho hivyo ndivyo vitakavyokuwa Ctrl+Z yako.

Unapofika mahali pa kuamua jambo kubwa, kwa mfano khalati anataka kuona bango lenye rangi nyingine, bonyeza Shift+Ctrl+S na uanze mahamri-bango-02.xcf. La kwanza linakaa salama. Akilikataa la pili, hujapoteza kitu.

Hatua ya tano: kutoa nakala

GIMP imetenganisha kuhifadhi na kutoa nakala tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012. Ctrl+S ni kwa mama tu. JPG na PNG zinatolewa kwa Shift+Ctrl+E, ambayo kwenye menyu ya "File" ni "Export As". Andika jina likiishia na .jpg au .png, elekeza kwenye folda ya Nakala, bonyeza "Export". Matabaka yanaunganishwa ndani ya nakala peke yake. Kwenye mama yanabaki kama yalivyo.

Umetoa JPG, umeiona iko kwenye folda, umefurahi. Unafunga GIMP, nayo inakuambia kuna mabadiliko hayajahifadhiwa. Anayeanza hujiambia, "Si nimeshahifadhi?" na hubonyeza "Discard Changes". Papo hapo kazi yote ya tangu Ctrl+S ya mwisho imekufa, na kilichobaki ni JPG. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kimya mbele ya kompyuta kwa sababu ya kitufe hicho. Ukiliona swali hilo, bonyeza "Save". Kila mara. Na ukifungua JPG moja kwa moja, GIMP itakuwekea kwenye menyu amri ya "Overwrite" yenye jina la picha yako. Hiyo huifunika picha ya asili. Iache.

Sasa, nakala ya aina gani? JPG ni kanuni ya mwaka 1992, na hubana picha kwa kuigawa katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8 kisha kutupa maelezo ambayo jicho halitayakosa sana. Kwa ngozi, anga, bahari na mahamri hutaona kitu. Kwenye kingo za herufi utaona vumbi, hasa ubora ukiushusha sana. Mimi huweka ubora kati ya 85 na 90. Na kila unapofungua JPG, ukaibadilisha na kuihifadhi tena kama JPG, inabanwa upya juu ya mbano wa kwanza, kwa hiyo nakala zote zitoke kwa mama, isiwe nakala kutoka kwa nakala.

PNG haitupi kitu na inabeba uwazi. Itumie kwa nembo, kwa picha iliyokatwa mandhari, na kwa bango lenye maandishi mengi kuliko picha. Ukitoa JPG kutoka kwa picha yenye sehemu wazi, sehemu hizo zitajazwa rangi, mara nyingi nyeupe, na nembo yako nzuri ya duara itatokea ndani ya sanduku.

Kwa vipimo, bango la status ya WhatsApp ni pikseli 1080 kwa 1920, limesimama. Picha ya mraba ya Instagram ni 1080 kwa 1080. Karatasi ya A4 ya kuchapa, kwa pikseli 300 kila inchi, ni 2480 kwa 3508. A3 ni 3508 kwa 4961. Picha yetu ya 4000 kwa 3000 ikichapwa kwa kiwango hicho inafika sentimita 33.9 kwa 25.4, kwa hiyo inaijaza A4 bila wasiwasi. Anza kazi kwa kipimo kikubwa kuliko vyote utakavyohitaji, kisha punguza. Kupanda juu kutoka picha ndogo hakuna dawa.

Unapopunguza, usipunguze mama. Bonyeza Ctrl+D kwanza. Picha nzima itarudufiwa kwenye dirisha jipya lisilo na jina. Humo ndimo upunguze kwa "Scale Image", utoe nakala, kisha ulifunge. Hapo, na hapo peke yake, "Discard Changes" ni halali.

Hatua ya sita: kutuma nakala

Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa. Tangu mwaka 2023 kuna chaguo la HD linalosaidia, lakini bado si faili lako lile lile. Kwa mteja anayetaka kuchapa, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua "Document", tafuta faili, tuma. Linafika kama lilivyotoka, na nafasi inaruhusu hadi gigabaiti 2. Kwa status huna njia, itabanwa tu, kwa hiyo ipe herufi nene na kubwa, na usiweke namba ya simu kwa fonti nyembamba kama uzi.

Ukituma kama "Document" unatuma pia kila kilichoandikwa ndani ya faili, na picha nyingi za simu zina alama ya mahali zilipopigwa. Mahamri haya yamepigwa picha jikoni kwa khalati. Sitaki nyumba yake ijulikane hadi kwenye mlango na kila atakayepata bango. Wakati wa kutoa JPG, GIMP hukuonyesha visanduku kadhaa. Ondoa alama kwenye kile cha Exif, ndiyo hayo maelezo yaliyoandikwa ndani ya picha. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huondoa maelezo hayo yenyewe.

Hatua ya saba: kumpa mwenzako faili lenye matabaka

Kuna siku utahitaji mtu aendelee na kazi, au wa kuchapa atataka kusogeza maandishi. Muulize kwanza anatumia programu gani. Photoshop haifungui .xcf. Mtolee .psd kwa njia ile ile ya "Export As", kisha uifungue mwenyewe kwenye Photopea uone inavyoonekana kabla hujamtumia. Kutoka GIMP hadi .psd, usitegemee maandishi yabaki ya kubadilishwa. Mara nyingi hufika yakiwa picha. Kwa hiyo ndani ya ujumbe mwandikie maneno yote yaliyomo, na jina la kila fonti.

Fonti ni mtego wa peke yake. Faili hubeba jina la fonti, halibebi fonti yenyewe. Kama mwenzako hana ile uliyotumia, kompyuta yake itaweka nyingine na bango litaonekana kama limeandikwa na mtu mwingine. Fonti za bure unaweza kumtumia pamoja na kazi. Weka faili, fonti na nakala moja ya JPG ya kumwonyesha matokeo yanavyopaswa kuwa ndani ya folda moja, uibane iwe zip, utume. Gmail hukomea megabaiti 25 kwa viambatisho. Ikizidi, weka kwenye Google Drive, ambayo hutoa gigabaiti 15 za bure zinazogawanywa na barua pepe zako, na unapotoa kiungo chagua "Viewer", si "Editor". Kwa flashi, litoe kwa utaratibu kabla ya kulichomoa, hasa la saiba.

Kabla hujabonyeza kutuma, pitia matabaka moja baada ya jingine, pamoja na yaliyofichwa. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni heshima ya watu. Tabaka ulilolifumba jicho halijaondoka; linasafiri ndani ya faili. Uso uliofunikwa kwa rangi kwenye tabaka la juu unafunuliwa kwa kubonyeza mara moja. Barakoa nayo inaondolewa vile vile. Nakuwa na kazi za usiku wa kupamba, ambako ni wanawake peke yao, bi harusi hajajifunika, na simu za wageni huachwa mlangoni. Bi harusi akiniomba picha moja iliyokatwa ionekane mkono wenye hina tu, picha nzima bado imo ndani ya faili mama langu. Faili hilo halitumwi kwa mtu yeyote, hata wa kuchapa. Anapata JPG iliyotolewa na ndani yake mna mkono tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, lakini hata kabla ya sheria, aliyekukabidhi picha ya ndani amekukabidhi siri.

Kwa wa kuchapa

Mengi nimeshayataja. Toa PDF au PNG kwa vipimo kamili, na uache milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu kwa mwanga. Mashine ya kuchapa huchanganya wino, na buluu ya bahari inayong'aa kwenye kioo hufifia kwenye karatasi. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya mia.

Hatua ya nane: akiba

Faili mama likae mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski au flashi, na mahali pengine nje ya nyumba, iwe Google Drive au kwa ndugu yako ng'ambo ya Likoni. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vifaa. Flashi lililokaa kwenye droo karibu na dirisha la baharini huota kutu kwenye meno. Na akiba ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu. Mara moja kwa mwezi chukua flashi hilo, lifungue kwenye kompyuta nyingine, angalia matabaka yote yapo.

Bango la khalati lilikaa mlangoni wiki mbili. Kisha unga ukapanda, akapiga simu: "Mwanangu, hamri sasa ni shilingi 15, si 10. Utaweza leo?" Fungua Mama, mahamri-bango-02.xcf. Bonyeza tabaka la "bei" kwa zana ya herufi, futa 10, andika 15. Shift+Ctrl+S, uliite 03. Shift+Ctrl+E, toa JPG kwenye Nakala. Ctrl+D, punguza iwe ya status, toa, funga. Mtumie zote mbili, ya kuchapa kama "Document". Chai yako bado ina moto.